Ramani si picha ya nyumba

Mwezi mmoja uliopita, saa mbili asubuhi, nilipigiwa simu na fundi mmoja kutoka saiti ya Mkundi, nje kidogo ya mji wa Morogoro. "Injinia, samahani, wewe hunijui, namba yako nimepewa na muuza nondo. Nina ramani hapa. Naomba uniangalizie, mlango wa jiko uko wapi?" Nikamwambia anirushie hiyo ramani WhatsApp. Ikaja. Ilikuwa picha ya nyumba, tena nzuri kweli: paa la kijivu, nguzo mbili kibarazani, gari jeupe limeegeshwa kwenye pevingi, majani yamekatwa vizuri, anga halina hata wingu. Ubavu mmoja unaonekana na mbele inaonekana. Nyuma haipo. Kipimo hakuna hata kimoja. Mwenye nyumba aliinunua mtandaoni, akamrushia fundi na maneno mafupi: "Ramani hiyo, anza msingi."

Mimi si injinia. Ni fundi sanifu wa ujenzi, ila saitini kila anayeshika karatasi huitwa injinia na nimeacha kubishana. Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, nyingi za vyumba vitatu, kimoja masta, za watu wanaojenga kidogo kidogo kila mshahara unapobaki. Neno ramani nalitamka mara nyingi kwa siku kuliko jina la mke wangu, kwa hiyo linaponyang'anywa maana yake naumia. Na miaka hii linanyang'anywa. Ukiandika "ramani za nyumba" kwenye simu unaletewa mamia ya picha za namna ile, na watu wanaziuza na kuzinunua kwa jina hilo bila yeyote kuona kasoro.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu neno hili lina historia ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni.

Ramani ni neno la baharini. Asili yake ni Kiajemi, maneno mawili yaliyoungana: rah, yaani njia, na nama, yaani chenye kuonyesha. Waarabu wa Ghuba walilichukua wakalitamka rahmani, na kwao lilikuwa jina la kitabu cha nahodha. Kitabu hicho kilimweleza mwenye chombo aelekee nyota ipi akitoka bandari fulani, asafiri zamu ngapi (zamu moja ya baharini ilihesabiwa mwendo wa saa tatu), kina cha maji kiweje akikaribia pwani, mlima gani uwe kuliani, mwezi gani asithubutu kung'oa nanga. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15 kutoka Julfar, eneo ambalo leo ni Ras al-Khaimah, aliandika elimu ya bahari hata kwa mashairi, ili mabaharia waihifadhi kichwani. Kimo cha nyota ya kaskazini walikipima kwa vidole. Mafundi wetu wa zamani nao walipima kwa wanda, upana wa kidole, kabla ya shibiri, mkono na pima.

Angalia hapo. Rahmani ya nahodha ilikuwa maneno. Kilichofanya kitabu kile kuwa rahmani ni kwamba mtu ambaye hajawahi kufika Kilwa angeweza kufika Kilwa akiwa nacho, mwandishi akiwa kwao Ghuba amelala, hata akiwa ameshakufa. Mchoro ulikuja baadaye. Baadaye zaidi neno likapanda nchi kavu, likawa la ukutani darasani, na likawa la nyumba, lakini kazi yake haikubadilika: kumfikisha mtu mahali ambapo hajawahi kufika. Na nyumba ambayo haijajengwa ni mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika, hata mwenye nayo.

Maneno ya chombo yaliyohamia bara ni mengi kuliko tunavyodhani. Rubani leo anarusha ndege. Nahodha anavaa kitambaa mkononi na kuongoza timu uwanjani. Usukani uko kwenye daladala. Dira, ile ya kumwonyesha baharia kaskazini iko wapi, Tanzania imeifanya jina la mipango mikubwa ya nchi, Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025 na sasa ya 2050, wakati Kenya walichagua kusema Ruwaza ya 2030. Mimi napenda sana dira. Ukisema dira, mtu aliyekulia pwani anaelewa mara moja kwamba kuna bahari mbele na tunaweza kupotea. Ila naona magazetini siku hizi "ramani ya njia", hasa kwenye habari za mazungumzo ya kisiasa. Njia tayari imo ndani ya ramani. Ni kama kusema maji ya mto wa maji. Andika ramani tu, inatosha.

Kuna hoja nimeisikia kwa walimu, na siidharau, kwamba ramani iachiwe jiografia na kitu cha nyumba kiitwe mchoro. Wanasema Kiswahili kinachanganya, mtoto anafundishwa kwamba ramani ni uso wa nchi, halafu baba yake anasema ramani ni vyumba na sebule. Sikubaliani nao. Mchoro ni neno linalosema kitu kimetengenezwaje: mkono umepita, mstari umebaki. Mwanangu wa miaka minne amechora ukuta wa sebule kwa mkaa, ule ni mchoro. Ramani ni neno linalosema kitu kinafanya nini. Ofisini kwetu tunatofautisha bila kufikiri: karatasi moja ni mchoro, na michoro yote ya nyumba moja ikibanwa pamoja ndiyo ramani. Mteja akiniuliza "ramani yangu imekamilika?" hajaniuliza juu ya karatasi moja. Anauliza kama fundi anaweza kuanza.

Na uwili wa neno hauna tatizo. Ramani ya nchi na ramani ya nyumba ni kitu kimoja kilichopunguzwa kwa viwango tofauti. Ile ya nchi ya kipimo cha 1:50,000, sentimita moja ya karatasi ni nusu kilomita ya ardhi. Ya nyumba ya 1:100, sentimita moja ni mita moja. Zote zinatazama kutoka juu, na zote zina mshale wa kaskazini. Anayeweza kusoma moja ameshakaribia kusoma nyingine. Tukizitenga kwa majina tutakuwa tumemfungia mtoto mlango ambao lugha ilikuwa imemwachia wazi.

Waingereza ramani ya nyumba waliipa jina la rangi, blueprint, yaani chapa ya bluu. Njia ya kunakili iliyotokana na uvumbuzi wa John Herschel wa mwaka 1842 ilitoa karatasi ya bluu yenye mistari myeupe, jina likashika, na mpaka leo wanaita hivyo ingawa karatasi zao ni nyeupe kama zetu. Sisi hatukuhitaji rangi.

Kuna sanifu pia, neno ambalo nimelibeba kwenye cheo changu. Lugha sanifu, fundi sanifu, msanifu majengo, zote shina ni moja: kupanga kitu kwa utaratibu na ustadi. Bodi inayosajili wataalamu wa kazi hii Tanzania inaitwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, kwa hiyo rasmi ni mbunifu. Mbunifu ni neno zuri, ila linasifia wazo. Msanifu linasifia mpangilio, na mpangilio ndio unaomfikia fundi. Mimi ningelichagua hilo.

Sasa narudi kwenye ile simu, maana ndiyo iliyonikalisha kuandika.

Ramani ya sakafu, ile yenye vyumba, ni nyumba iliyokatwa kwa msumeno usawa wa kifua hivi, kama mita moja na robo kutoka chini, kisha sehemu ya juu ikaondolewa na ukaitazama kutoka angani. Ndiyo maana kuta zinaonekana kama mistari minene na madirisha kama mianya yenye mistari myembamba. Kwenye kila mlango kuna mstari mmoja na kirobo cha duara. Watu wengi wanadhani kile kirobo ni pambo. Kinamwambia fundi bawaba zikae upande upi na mlango ufungukie wapi. Kikikosekana, fundi anakisia, na ndipo utakuta mlango wa choo unagonga sinki, au wa chumba ukifunguka unafunika swichi ya taa na kila usiku mtu anapapasa nyuma ya mlango akiwa gizani. Kosa hilo utaishi nalo miaka 30, na limetokana na mstari uliopinda ambao haukuchorwa.

Halafu kuna mkato, nyumba iliyopasuliwa wima kama keki, unaoonyesha kina cha msingi, unene wa jamvi (zege la sakafu), linta (boriti ya juu ya milango na madirisha) iko wapi, kenchi (mbao zinazobeba paa) zinakaa vipi. Kuna sura nne, mbele, nyuma na mbavu mbili. Kuna ramani ya kiwanja inayosema nyumba ikae umbali gani kutoka kwenye mpaka, na shimo la choo liwe upande gani. Hiyo ndiyo ya kwanza kuulizwa halmashauri ukienda kuomba kibali cha ujenzi, na kwa haki kabisa, kwa sababu jirani yako naye ana kisima. Mwisho jedwali la milango na madirisha, orodha ambayo fundi seremala ataitazama siku ambayo mimi na wewe hatupo.

Picha ya 3D, yaani ya nyumba iliyotengenezwa kwa kompyuta kama ile aliyonirushia fundi, haina chochote kati ya hivyo. Sizichukii. Natengeneza mwenyewe, na mteja akiiona nyumba yake imesimama kwenye skrini macho yanang'aa. Nimewahi kumwona mama mmoja anagusa kioo cha kompyuta kwenye dirisha la chumba chake. Picha inamsaidia mwenye nyumba kuamua. Basi iitwe picha. Tunapoiita ramani tunampa fundi mzigo wa kukisia yale yote ambayo haikuyasema, na nyumba ikiharibika tunasema fundi kaharibu.

Mafundi wenyewe nimewasikia wakilaumiwa kwamba hawajui kusoma ramani. Wapo wasiojua. Lakini nimekuta pia tatizo linalotoka upande wetu wachoraji. Sisi tunaandika milimita, wao wanaongea futi. Chumba nimeandika 3600. Fundi anakisoma futi 12, kwa sababu mkononi mwake futi 12 ndicho chumba. Futi 12 ni milimita 3,658 hivi, tofauti ya milimita 58, inchi mbili na kidogo, nani atalalamika? Sasa panga vyumba vinne kwa mstari mmoja. Umetoka nje sentimita 23, zaidi ya unene wa tofali la inchi sita. Nyumba iliyokuwa ndani ya mipaka imesogea, na korido iliyochorwa mwishoni ndiyo inayolipa, inabaki nyembamba, kitanda hakikati kona. Nimeiona korido hiyo. Mwenye nyumba alimtukana fundi, fundi akainama, na mimi niliyekuwa nimesimama pale nilijua nusu ya kosa ni la aliyechora, kwa sababu aliandika njia kwa lugha ambayo msafiri haisemi. Tangu siku ile kila ramani ninayotoa ina vipimo viwili, milimita juu ya mstari na futi na inchi chini yake. Kuna wenzangu wanasema inachafua mchoro. Inachafua, ndiyo.

Mtu atauliza: mbona babu zetu walijenga bila karatasi? Walijenga, na walikuwa na ramani. Chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ile ya Kariakoo na Ilala ya zamani, ya Tabora, ya Ujiji, na hapa Morogoro mitaa ya katikati ya mji: kibaraza mbele, mlango katikati, korido moja kwa moja mpaka uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto vikitazamana, jiko na choo uani. Ukimwambia fundi wa wakati ule "nyumba ya vyumba sita", umeshampa ramani yote kwa maneno manne. Alichokuwa akiuliza ni upana wa kiwanja tu. Kule Lamu, kwenye nyumba za mawe, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Msitu wa mikoko ulishapima kabla ya fundi. Hizo zilikuwa rahmani za nchi kavu, za kuhifadhiwa kichwani kama mashairi ya marubani, na zilifanya kazi kwa sababu kila mtu mtaani alikuwa anaelekea bandari ile ile. Leo kila mtu anataka nyumba ambayo jirani hana. Hapo kichwa hakitoshi, na picha haitoshi zaidi.

Mtaani neno linaendelea kuishi kwa namna inayonifurahisha. Kijana akiona mambo yake hayaendi anasema "ramani hazisomi". Polisi wakikamata wezi utasikia kwamba walikuja mchana kuchora ramani, yaani kuangalia mlango uko wapi na mbwa analala wapi. Kenya, ambako wengi husema plani ya nyumba, Sheng imelichukua mchoro kwa maana ya mpango wa kijanja. Wahuni wamelielewa neno vizuri kuliko wauza picha. Mwizi hachori ramani ya jinsi nyumba inavyopendeza. Anachora namna ya kuingia na kutoka.

Yule fundi wa Mkundi nilimwambia asichimbe. Nilimpigia mwenye nyumba, dada mmoja anayefanya kazi Dar es Salaam, nikamweleza taratibu, maana alikuwa ameshalipa na hakuna anayependa kuambiwa pesa yake imeliwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa kaka, nilichonunua ni nini?" Nikamwambia ni picha nzuri, na tutaitumia, ndiyo atakayotuonyesha anataka nyumba ya namna gani. Jumamosi akaja, tukaenda kiwanjani pamoja. Kumbe kiwanja kinateremka, kutoka barabarani mpaka nyuma kinashuka karibu mita moja na nusu, jambo ambalo bustani tambarare ya kwenye picha isingeweza kulijua. Tukaamua jiko likae upande wa juu karibu na barabara, kwa sababu mama yake ndiye atakayeishi pale na magoti yanamsumbua, hataki ngazi kati ya jiko na uani. Niliandika hilo la magoti kwenye daftari langu kabla ya kipimo chochote. Nilichora siku tisa. Karatasi zikawa saba.

Fundi huyo ni mtu mzima, amenizidi kama miaka 20, na nilipompelekea nilimwamkia na kumketisha tuzipitie karatasi moja moja. Hakutaka. "Niachie mwanangu, nitaziuliza zenyewe." Siku tatu hakupiga simu. Wiki nzima hakupiga. Nikaingiwa na wasiwasi nikaenda mwenyewe.

Msingi ulikuwa umeshapanda, kona zimetoka skwea, mlango wa jiko umeachwa pale pale, upande wa juu. Karatasi ya sakafu ilikuwa imekunjwa mara nne, ina alama za vidole vya saruji, pembeni ameandika hesabu zake kwa kalamu ya bluu, na kila kirobo cha duara amekizungushia. Nikamwuliza kama nimletee nakala nyingine safi. Akaikunja, akairudisha mfuko wa shati.

"Acha tu. Hii tumeshazoeana."